Mpaka Unaopima Bei

Makala ya pili katika mfululizo wa gharama ya maisha

Serikali ikibanwa kuhusu bei ya vyakula, jibu lake huwa limeshaandaliwa: ni dunia. Ni vita vya Ukraine, ni ukame, ni dola, ni meli zilizochelewa. Katika makala iliyopita tulikubali kwamba jibu hilo lina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba mwananchi hana kipimo cha kujua ukweli unaishia wapi na kisingizio kinaanzia wapi. Mkazi wa Nakuru akiambiwa sukari imepanda kila mahali, atabishana na nani? Wa Mbarara vivyo hivyo. Lakini wa Busia anavuka tu barabara akaulize bei.

Busia ni mji mmoja uliopewa serikali mbili. Upande wa Kenya ndiyo makao makuu ya kaunti; upande wa Uganda kuna manispaa na wilaya ya jina hilohilo. Kaskazini kidogo kuna Malaba, nayo imekatwa kati vilevile, na kutoka hapo barabara na reli zinaingia Tororo, chini ya lile jabali linaloonekana tangu mbali. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso wako pande zote mbili, na mashemeji wanazikana bila kuulizana vitambulisho. Mstari uliowagawa una asili yake mwaka 1902, Waingereza walipoumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauunganisha na himaya yao iliyokuja kuitwa Kenya. Kabla ya hapo hata Kisumu na Naivasha zilihesabiwa kuwa Uganda, jambo ambalo Idi Amin alilikumbushia kwa kelele Februari 1976 na kuwatia watu wa mpakani tumbo joto.

Kwa mtu anayechunguza bei, mji wa aina hii ni hazina. Mvua ni moja, udongo ni mmoja, walaji ni wale wale, na bidhaa za ng'ambo karibu zote zimepitia bandari moja ya Mombasa. Kinachobadilika ukivuka ni sheria, kodi na sarafu. Kwa hiyo bei ikipanda pande zote mbili kwa mpigo, tafuta chanzo mbali. Ikipanda upande mmoja na mwingine ukatulia, chanzo kiko Nairobi au Kampala. Kanuni hii ina mianya yake, na mmoja tutaukuta mbele, lakini inatosha kuanzia.

Tuanze na mche wa sabuni. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mafuta ya alizeti yaliadimika duniani na wanunuzi wote wakakimbilia mawese. Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ikaona bei inawaumiza watu wake, ikafunga mauzo ya nje kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23. Mawese ndiyo malighafi ya mafuta ya kupikia na ndiyo malighafi ya sabuni, kwa hiyo pigo moja likaingia jikoni na kwenye karai la kufulia. Mafuta ya kupima na sabuni ya vipande ni biashara ya kila siku katika maduka ya Busia zote mbili. Mwaka ule vipande vilizidi kuwa vyembamba pande zote za barabara. Hapo kanuni yetu inasema dunia ina hatia, na tuiache serikali ipumue.

Majibu ya serikali ndiyo yaliyotofautiana. Kampala ilikataa ruzuku, na Rais Museveni, katika hotuba ya Sikukuu ya Wafanyakazi, akawashauri wanaolalamikia mkate wale muhogo. Ushauri huo uliwakuta watu wa Tororo na Busia wakiwa wameshaanika muhogo juani. Ugali wa muhogo uliochanganywa na wimbi au mtama ndicho chakula chao cha siku zote, si cha dhiki, na wakulima wa huku bado wanakumbuka ugonjwa wa batobato ulivyofyeka mihogo yao miaka ya 1990. Kilichokuwa kinawaliza ni sabuni, nauli na ada ya shule, na hivyo havioti shambani. Hata hivyo nadhani kukataa ruzuku kulikuwa na hoja. Nairobi iliitoa, na tuliona matokeo. Julai 2022, majuma matatu kabla ya uchaguzi, pakiti ya unga wa kilo mbili iliyokuwa imevuka shilingi 200 ilitangazwa kuwa shilingi 100. Wengi waliisikia redioni kuliko walivyoiona rafuni. Uchaguzi ukapita, ruzuku ya unga ikaenda zake, na Septemba ile ya petroli ikafuata: lita moja Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159 hadi 179 kwa usiku mmoja. Kwenye mji ambao bidhaa huvuka barabara kwa mkokoteni, kushusha bei upande mmoja kwa amri ni kumwalika jirani aje kununua.

Mfano ulio wazi zaidi ulikuwa umeshatokea Januari mwaka huohuo, kabla ya uvamizi wa Ukraine. Uganda iliamuru kila dereva wa lori apimwe Covid mpakani na alipe dola 30. Madereva wakagoma. Walikuwa wamezoea kuonyesha vyeti vya vipimo walivyofanyiwa Kenya, na dola 30 kwa kila safari ni pesa ya chakula cha nyumbani. Foleni ya malori ikarudi nyuma kilomita kadhaa kutoka Malaba na Busia, na ndani ya foleni hiyo mlikuwa na matangi ya petroli ya Uganda nzima. Uganda haina bei elekezi ya mafuta. Kila kituo huuza kadiri soko linavyoruhusu. Sehemu nyingine lita moja ikapita shilingi 10,000 za Uganda. Wakati huohuo, Kenya ilikuwa ikiuza lita hiyo kwa takriban shilingi 130 zake, yaani kiasi cha shilingi 4,000 za Uganda. Wenye pikipiki na magari wakawa wanavuka kujaza tangi upande wa Kenya kisha wanarudi makwao. Bei ya mafuta duniani haikuhusika hata chembe. Ilikuwa ni karatasi moja ya wizara, na serikali ilipolegeza masharti malori yakasogea.

Sasa nigeukie jambo ambalo magazeti yetu huliweka kurasa za biashara kana kwamba haliwahusu walaji wa ugali: thamani ya sarafu. Wabadilisha fedha wa Busia, wale wanaoshika mabunda mkononi karibu na lango, hulijua kuliko mawaziri. Mwaka 2021 shilingi moja ya Kenya ilikuwa ikipata karibu shilingi 33 za Uganda. Januari 2024 ilikuwa haifikishi hata 24. Chukua mama anayenunua maharagwe upande wa Uganda ili auze upande wa Kenya, mwenye mtaji wa shilingi 10,000 za Kenya. Zamani alikuwa anavuka na 330,000. Januari ile alivuka na pungufu ya 240,000, na mkulima wa Tororo hakuwa amepandisha bei hata senti. Mama huyu alirudi na mzigo uliopungua zaidi ya robo, kwa hiyo akapandisha bei ya gorogoro, kile kipimo cha mkebe, na mteja wake akamwona mchoyo.

Nani alimpokonya robo ile? Kenya ilikuwa inadaiwa hati fungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa iishe Juni 2024, na wenye fedha walihofia kwamba haitalipika. Kila mtu akakumbatia dola, na dola ikafika shilingi 160 hivi. Februari serikali ikakopa upya dola bilioni 1.5 kwa riba inayokaribia asilimia 10 ili kulipa deni la zamani. Hofu ikatulia, na dola ikashuka hadi karibu 130. Mpakani kiwango kikarudi kama 28 au 29. Hiyo ni kodi ambayo haikupelekwa bungeni, haikusomwa kwenye bajeti, na hakuna aliyeandamana kuipinga kwa sababu hakuna aliyeliona jina lake.

Sukari ina hadithi ndefu zaidi na inapindapinda. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyojengwa na familia za Madhvani na Mehta, vikaporomoka mikononi mwa waliopewa. Sukari, chumvi na sabuni zikawa bidhaa za kupanga foleni Kampala na za magendo Busia. Zilivushwa usiku kutoka Kenya, na kahawa ya Uganda ikavushwa kwenda upande wa pili, hasa baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei kupaa. Utajiri wa Chepkube, kule Bungoma, ulitokana na magunia hayo. Leo mkondo umegeuka. Madhvani walirejeshewa Kakira mwaka 1985, Uganda ikarudi kuwa na sukari ya ziada, na mfanyabiashara wa Kenya ndiye anayeifuata.

Julai 2023 viwanda vya magharibi mwa Kenya vilisimamishwa kusaga kwa miezi kadhaa kwa kuwa miwa ilikuwa inakatwa ikiwa michanga. Kilo moja ikapita shilingi 200. Kaunti ya Busia inalima miwa na ina viwanda, lakini wenyeji wake walinunua sukari kwa bei hiyo kama mtu wa Mandera. Hapa ndipo ulipo ule mwanya: bei ya Uganda nayo ilivutwa juu, maana hakuna atakayeuza kwa bei ya Kakira mzigo ambao Kenya wanaulilia. Kosa la upande mmoja likavuka mpaka na kujifanya la dunia.

Na dunia yenyewe haikukaa kimya. India, moja ya nchi zinazoongoza kwa sukari na ya kwanza kwa kuuza mchele nje, ilikuwa imeshabana mauzo yake ya sukari, na Julai 20 ikapiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati. Uchaguzi mkuu wa India ulikuwa unakaribia, na wanasiasa wa Delhi hawajasahau mwaka 1998, chama cha BJP kilipopoteza serikali ya jimbo la Delhi huku wapiga kura wakilalamikia bei ya vitunguu. Serikali ikiogopa hasira ya walaji wake hufunga mlango, na bei hupanda kwa walaji wa nchi nyingine. Mchele duniani ukafikia bei ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka kumi. Kenya nayo ilifanya ya kwake Machi 2021, ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Sumukuvu si mzaha. Iliua zaidi ya watu 100 Ukambani mwaka 2004. Lakini zuio lilitangazwa ghafla, malori yakakwama mpakani yakiwa yamesheheni, kisha siku chache baadaye likabadilishwa kuwa masharti ya cheti.

Basi hasira ya watu wa mpakani huenda wapi? Kwa miaka mingi imeishia miguuni. Upande mmoja ukiwa ghali unavuka. Walemavu wa Busia wamejijengea riziki hapo, wakipakia mizigo kwenye baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono, kwa sababu maofisa wa forodha waliona aibu kuwapekua. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe na Marais Kenyatta na Museveni Februari 2018, mengi yameandikwa kuhusu saa zilizopunguzwa kwa malori. Mchuuzi mdogo ana utaratibu wake uliorahisishwa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, lakini wengi bado wanapita njia za panya, maana huko hakuna fomu wala wa kuomba chai.

Yako makato ambayo hayakimbiliki kwa miguu. Mwalimu wa Busia ya Kenya anakatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba kabla mshahara haujamfikia, hata akinunua kila kitu Uganda. Si ajabu kwamba mmoja wa waliopeleka mahakamani Sheria ya Fedha ya 2023, iliyoanzisha makato hayo, ni Okiya Omtatah, Seneta wa Busia. Mahakama ya Rufani iliifuta sheria nzima Julai 31, 2024. Mahakama ya Juu ikairudisha Oktoba 29. Katikati ya kesi hiyo vijana walikuwa wameshaingia bungeni Nairobi, Juni 25, kupinga muswada wa mwaka uliofuata, ambao mwanzoni ulitaka kutoza mkate asilimia 16 na mafuta ya kupikia asilimia 25. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majira yale, na Rais Ruto akauondoa muswada Juni 26. Julai 23 vijana wa Kampala nao wakajaribu kuandamana hadi bunge lao dhidi ya ufisadi, wakakamatwa.

Katika kuzima hasira hiyo ndipo serikali hizi mbili, ambazo hazikubaliani kuhusu mahindi, mayai wala maziwa, zilipoonyesha zinaweza kusaidiana. Mwaka 2011, mfumuko wa bei Uganda ukielekea asilimia 30, kiongozi wa upinzani Kizza Besigye aliongoza watu kutembea kwa miguu kwenda kazini. Alipoumizwa na polisi, alivuka kwenda kutibiwa Nairobi. Lakini Julai 2024 wafuasi 36 wa chama chake cha zamani, FDC, walikamatwa Kisumu wakarudishwa Uganda kushtakiwa kwa ugaidi. Novemba mwaka huo Besigye mwenyewe alitekwa Nairobi, na siku nne baadaye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala.

Makala ya tatu itahusu petroli: kwa nini Uganda iliacha kuagiza kupitia kampuni za Kenya mwaka 2024, na katika kila lita inayopita Malaba ni kiasi gani kinabaki kwa kila serikali.