Mtenda Asiyetajwa: Lugha ya Matangazo ya Urembo

Tangazo la biashara ni utungo. Lina mtunzi, hadhira na shabaha, na kwa hiyo linamstahili mwanaisimu sawa na linavyomstahili mwanauchumi. Makala haya yanajadili lugha ya matangazo ya mafuta ya kung'arisha ngozi, na jinsi inavyomchora mwanamke.

1. Majina na mabango

Katika maeneo ya Kitale na Bungoma, Wabukusu humwita Nafula msichana aliyezaliwa wakati wa mvua, Naliaka wa wakati wa palizi, na Nekesa wa wakati wa mavuno. Jina humweka mwanamke katika msimu na kazi ya jamii yake. Bango la duka la vipodozi humweka kwingine: aghalabu ni uso mtupu, usio na mikono, umri wala shamba. Nekesa anayepita mjini Kitale huambiwa kwamba thamani yake imo katika rangi ya uso huo.

2. Historia fupi

Wito huo si mpya. Katika miaka ya 1960 krimu ya Ambi ilitangazwa katika magazeti ya Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968, ilipiga vita mafuta ya aina hiyo pamoja na sketi fupi na nywele za bandia. Huko India, Fair & Lovely, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, ilipewa jina la Glow & Lovely mwaka 2020. Neno la weupe liliondoka, neno la mng'ao likaingia, na bidhaa ikabaki dukani.

3. Sarufi ya tangazo

Kiswahili nacho kina vitenzi vyake vya kazi hiyo: kung'arisha, kulainisha, kutakatisha. Vyote ni vya kauli ya kusababisha. Katika sentensi "mafuta haya hung'arisha ngozi", mtenda ni mafuta na mtendwa ni ngozi, mwanamke hayumo. Isitoshe, kutakata ni kuondokewa na uchafu. Kitenzi hicho kikihamishiwa kwenye rangi, weusi husomeka kuwa uchafu bila mtu yeyote kutamka hivyo. Hata hivyo, si haki kulilaumu tangazo peke yake: sifa ya rangi ya maji ya kunde ilikuwapo katika lugha kabla yake. Tangazo lilikuta mbegu, likaimwagilia.

Lugha ya mtaani hujibu kwa kitenzi kingine: anajichubua. Kiambishi -ji- humfanya mwanamke kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja, na lawama yote humwangukia. Basi tangazo husifu mafuta, mtaa humshutumu mwanamke, na mtengenezaji na mwuzaji hawana nafasi katika sentensi yoyote kati ya hizo mbili.

4. Hitimisho

Jambo hili si la maneno matupu. Zebaki hudhuru figo, na hidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu yaweza kuiacha ngozi na mabaka meusi zaidi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza vipodozi vyenye zebaki kupita kiwango kilichowekwa. Lakini sheria hukamata kopo, haikamati kitenzi. Hiyo ni kazi ya mwalimu wa lugha. Hana budi kuliingiza tangazo darasani, na kuwafundisha wanafunzi kuuliza: nani mtenda, nani mtendwa, na nani ameachwa nje ya sentensi?