Bunduki za zamani za Uingereza: namba peke yake haisemi umri

Namtajua vipi mwaka wa bunduki ya kuwinda ya zamani yenye kutoka Uingereza? Namba yake haitoshi, juu kila kiwanda kilikuwa na hesabu yake. Kwanza soma jina na anwani kwenye mtutu. Purdey, kiwanda cha London tangu 1814, kingali na vitabu vyake vya zamani. Kama vitabu vilipotea, zinabaki alama za nyumba za kupima mitutu, London ao Birmingham. Mfano, maneno NOT FOR BALL, yaani usitie risasi nzima, yaligongwa kati ya 1875 na 1887. Alama hizo zinalinda pia maisha: mtutu uliopimwa kwa baruti nyeusi tu unaweza kupasuka na risasi za leo.