Je, Wajua? Difu ya Namba Ndogo Ndiyo Yenye Mbio
Gari la kujiundia lenye injini ya pikipiki likitakiwa kukimbia zaidi, hufungwa difu yenye namba ndogo, si kubwa! Namba hiyo ni mizunguko ya propela kwa kila duru moja ya magurudumu.

Chukua injini ya Suzuki Hayabusa, ambayo kampuni ya Westfield ya Uingereza iliifunga kwenye gari lake la Megabusa. Gia ya sita, mizunguko 11,000 kwa dakika, tairi lenye mzingo wa mita 1.8: kwa hesabu ya meno, difu ya 3.14 inafika karibu kilomita 227 kwa saa. Ya 3.92 inakomea karibu 182, ila gari huchomoka kwa nguvu zaidi. Kwa barabara ya kona nyingi, hiyo ndiyo tamu.

Kwa nini namba ndogo inafaa? Injini ya pikipiki hupunguza mizunguko yake yenyewe kabla haijafika kwenye gia, hivyo difu haihitaji kuipunguza sana tena.

Difu nyingi za magari haya hutolewa kwenye Ford Sierra kuukuu. Namba imefutika? Piga chaki kwenye flenji ya propela. Zungusha magurudumu yote mawili pamoja duru moja, uhesabu. Flenji ikizunguka mara nne kasoro kidogo, hiyo ni 3.92.

Na rivasi? Giaboksi ya Hayabusa haina. Bila kifaa cha ziada, dereva hushuka akasukuma.