Mionzi Ikishaponya, Ubongo Uendelee Kuangaliwa

Nyuma kabisa ya pua, pale njia ya hewa inapoanza kushuka kuelekea kooni, huota saratani ambayo kisu cha daktari huifikia kwa shida. Imeenea sana kusini mwa China, hasa Guangdong na Hong Kong, na Kenya nayo imeijua kwa miongo mingi. Seli zake hazistahimili mionzi, ndiyo maana mionzi ndiyo tiba yake kuu: dozi ya grei 70 hivi, hutolewa kidogo kidogo katika vipindi 33 hadi 35, siku 5 kwa wiki, kwa karibu wiki 7. Wengi wanaotibiwa mapema hupona.

Shida ni ujirani. Juu ya eneo hilo kuna sakafu ya fuvu, na juu ya sakafu hiyo, kila upande, imelala sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio. Sehemu hiyo husaidia kutunza kumbukumbu na kuelewa lugha. Mionzi inayolenga uvimbe wa saratani huigusa nayo. Miezi 6 baadaye, au miaka 3, wakati mwingine hata zaidi ya 10, tishu iliyoguswa huweza kuanza kufa. Hali hiyo huitwa nekrosisi ya mionzi.

Kwa nini ichelewe hivyo? Mionzi hukata DNA, na seli yenye DNA iliyokatika mara nyingi hufa inapojaribu kugawanyika. Seli za saratani hugawanyika upesi, basi huanza kufa mapema. Seli zinazotanda kuta za ndani za mishipa midogo ya damu hugawanyika polepole, kwa hiyo madhara yake hujitokeza baada ya muda mrefu. Seli zinazotengeneza mayelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, nazo huumia. Mishipa iliyoharibika huziba au huvuja. Tishu iliyokosa oksijeni hutoa protini ya VEGF, inayochochea mishipa mipya kuota. Lakini mishipa hiyo ni dhaifu, huvuja zaidi, na ubongo huvimba.

Mgonjwa huanza kusahau, kuumwa kichwa, au kupata kifafa. Wengine hunusa harufu ambayo haipo. Wapo pia wasiohisi chochote, na doa likaonekana kwenye picha ya MRI tu.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Kwenye MRI ya kawaida, tishu iliyouawa na mionzi hufanana sana na saratani iliyorudi. Anayedhaniwa kuwa saratani yake imerudi anaweza kupigwa mionzi tena mahali palepale palipoumia. Ili kutofautisha, madaktari hutumia MRI inayopima mtiririko wa damu, kipimo cha PET, au hukata kipande cha tishu na kukichunguza.

Ikibainika mapema, tiba ipo. Dawa za steroidi hupunguza kuvimba kwa ubongo. Mwaka 2011, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 14 kuhusu bevasizumabu, dawa inayoizuia VEGF. Waliopewa dawa hiyo, kuvimba huko kulipungua kwenye MRI. Waliopewa dawa bandia hawakupata nafuu hiyo. Upasuaji nao husaidia baadhi. Lakini tishu iliyokwisha kufa hairudi, na ndiyo maana mashine za kisasa zinazofinyanga miale ifuate umbo la uvimbe wa saratani ni muhimu mno: zinauepusha ubongo na dozi kubwa tangu mwanzo.

Hakuna daktari anayeweza kuamua vyema kama doa ni nekrosisi au saratani iliyorudi bila kujua dozi iliyotolewa, vipindi vilikuwa vingapi, na miale ilielekezwa wapi. Kila anayemaliza tiba ya mionzi ya kichwa au shingo anastahili kupewa maelezo hayo kwa maandishi, na hospitali iyahifadhi kwa miaka mingi. Nawe uliyepona, au unayemuuguza mzazi aliyepona, usiseme kusahau huko ni uzee tu. Nenda kliniki, au mpeleke, pamoja na karatasi zote za mionzi, hata kama tiba ilimalizika miaka kumi iliyopita.