Mikwaruzo ya rangi ya gari mjini Doha: ipi ing'arishwe, ipi iachwe

Vumbi, jua na unyevu wa Ghuba huacha alama zake juu ya rangi ya gari. Baadhi ya wenye magari katika mji mkuu wa Qatar huamua kuziondoa wenyewe nyumbani kwa mashine ndogo ya umeme. Kazi hiyo yawezekana hata kwa anayeanza, lakini kila inapofanywa hupunguza kitu ambacho hakirudi.

Alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya Ghuba, gari jeusi lililoegeshwa kando ya jengo mjini Doha hung'aa kama maji ya kisima. Saa mbili baadaye, miale inapoipiga boneti moja kwa moja, hujitokeza sura nyingine kabisa: maelfu ya mikwaruzo myembamba iliyolizunguka jua mithili ya utando wa buibui.

Kwa mtu ambaye mkataba wake wa kazi unakaribia kwisha, utando huo si suala la urembo pekee. Wakenya na Waganda kwa maelfu, pamoja na Watanzania na raia wa nchi nyingine za Afrika Mashariki, wanafanya kazi nchini Qatar. Aliyefanikiwa kununua gari huko kwa kawaida huliuza kabla ya kupanda ndege ya kurudi nyumbani. Mnunuzi naye, kabla hajafungua mlango wala kuwasha injini, hulizunguka gari na kuitazama rangi.

Hapo ndipo shauri la kununua mashine ya kung'arishia linapozaliwa, na hapo pia ndipo hasara inapoweza kuanza.

Kinachokwaruzwa ni nini

Rangi ya gari la kisasa si tabaka moja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu lisilo na rangi. Utaratibu huu wa kuifunika rangi kwa tabaka angavu ulienea katika viwanda vya magari tangu miaka ya 1980.

Tabaka hilo la juu ndilo linalolipa gari mng'ao, na ndilo linalozuia miale mikali ya jua isiifikie rangi iliyo chini yake. Unene wake kwa kawaida ni kiasi cha maikroni 40 hadi 50, na maikroni moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70. Kwa maneno mengine, kinga yote ya rangi dhidi ya jua la Doha ni nyembamba kuliko unywele mmoja.

Mikwaruzo inayoonekana kama miduara kwa kweli haikuchorwa kwa duara. Imelala kila upande, bila mpango. Lakini mwanga wa jua au wa taa hurudishwa machoni na ile tu iliyokatiza njia yake, na kwa hiyo jicho huona pete zilizoizunguka taa. Mtazamaji akisogea hatua mbili, pete nazo husogea pamoja naye.

Vumbi, maji na kitambaa

Chanzo kikubwa cha mikwaruzo hiyo ni namna gari linavyooshwa na kufutwa.

Mwanzoni mwa kiangazi upepo wa Shamal, utokao kaskazini-magharibi, hubeba vumbi na kulimwaga juu ya mji. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za mchanga wa kwatzi, madini yenye ugumu wa daraja la 7 katika kipimo cha Mohs ambacho mwisho wake ni 10, daraja la almasi. Tabaka angavu la gari ni laini kuliko chembe hizo. Mwishoni mwa kiangazi unyevu wa bahari hugeuka umande usiku, umande huligeuza vumbi kuwa tope jembamba, na jua la asubuhi hulikausha likashika kama saruji.

Mtu anayelifuta gari hilo kwa kitambaa kikavu, hata kiwe laini namna gani, analisugua kwa mchanga.

Maji nayo si ya kumwagwa ovyo. Karibu maji yote ya kunywa nchini Qatar hutokana na bahari, baada ya kuondolewa chumvi viwandani kwa gharama kubwa. Sheria namba 26 ya mwaka 2008, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015, inakataza kuosha gari kwa mpira wa maji ya kunywa, na faini yake yaweza kufikia riyali 20,000. Ndiyo maana waosha magari katika maegesho ya Doha hufanya kazi kwa ndoo. Ndoo moja yenye maji yaliyokwisha kuchafuka, ikitumika kwa gari zima, hurudisha juu ya rangi mchanga uleule uliotolewa. Lawama si ya mwoshaji, ambaye hupewa maji machache na muda mfupi.

Dawa yake ni nyepesi: ndoo mbili badala ya moja. Ya kwanza huwa na maji ya sabuni ya magari, ya pili huwa na maji safi ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudishwa katika sabuni. Gari huoshwa kuanzia juu kwenda chini, kwa kuwa mchanga mwingi hukaa sehemu za chini.

Kupiga msasa si kuziba

Fikra ambayo huwaponza wengi wanaoanza ni kudhani kwamba dawa ya kung'arishia hujaza mikwaruzo. Zipo dawa zinazoificha kwa mafuta na nta, lakini hizo huoshwa zikaondoka baada ya muda na alama zikarudi.

Kung'arisha kwa hakika ni kuondoa. Waswahili wanalijua jambo hili tangu zamani kupitia jina la mti. Msasa ni mti ambao majani yake yana ukali wa kukwaruza, na mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijachukua kazi hiyo na jina hilo. Jani la msasa halikuongeza kitu juu ya ubao. Lilipunguza palipoinuka mpaka pakawa sawa na palipobonyea.

Dawa ya kung'arishia gari hufanya vivyo hivyo kwa chembe ndogo zaidi. Huushusha uso wa tabaka angavu hadi kwenye kina cha mkwaruzo, na mkwaruzo ukatoweka kwa sababu kingo zake hazipo tena. Mkwaruzo mwembamba hugharimu maikroni chache. Mkwaruzo wa kina waweza kugharimu tabaka zima.

Hapa lipo swali ambalo aliyenunua gari lililotumika hawezi kulijibu kwa macho: ni kiasi gani kimebaki? Gari huenda liling'arishwa na mwenye kuliuza, na aliyemtangulia, kila mmoja akikata sehemu yake. Ndivyo yalivyo pia magari yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani. Mng'ao wa siku ya mauzo hausemi unene wa kilichobaki.

Kabla ya kuwasha mashine

Kipimo cha kwanza hakihitaji fedha. Ukucha hupitishwa polepole juu ya mkwaruzo. Ukipita bila kukwama, alama ipo juu na yaweza kuondolewa au kupunguzwa. Ukikwama, mkwaruzo huo una kina kisichofaa kufuatwa kwa mashine, na mwenye gari atatosheka kuufifisha kingo zake. Panapoonekana rangi nyeupe ya praima au bati lenyewe, hakuna polishi itakayosaidia. Hapo panahitaji rangi ya kuguswa kwa brashi ndogo, au fundi wa kupuliza rangi.

Kipo pia chombo cha mkononi kinachopima unene wa rangi juu ya bati. Hupima matabaka yote kwa pamoja, ambayo katika magari mengi hufikia takriban maikroni 100 hadi 150. Pakionekana tarakimu ndogo mno kuliko sehemu nyingine za gari, pana dalili kwamba pamewahi kukatwa. Pakionekana tarakimu kubwa mno, huenda palipigwa rangi upya baada ya ajali.

Baada ya kuosha, mikono ipitishwe juu ya rangi. Ikihisi ukwaruukwaru, kuna uchafu ulioganda ambao sabuni haikuuondoa. Huo hutolewa kwa udongo maalumu ulio laini kama ule wa watoto kuchezea, unaotelezeshwa juu ya uso uliolowanishwa. Udongo huo ukianguka chini hutupwa, kwa kuwa utakuwa umebeba mchanga.

Kisha hubandikwa utepe wa karatasi kwenye mipira ya madirisha, kwenye plastiki nyeusi, na juu ya kingo zote kali za milango na boneti. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba zaidi, na ndiko wanaoanza hutoboa kwanza. Magari yenye rangi iliyofifishwa kwa makusudi, isiyong'aa tangu kiwandani, hayang'arishwi kamwe.

Kivuli kwanza

Wakati wa kazi nao ni sehemu ya kazi. Tangu mwaka 2021 serikali ya Qatar inakataza kazi za nje zisizo na kivuli kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kati ya tarehe 1 Juni na 15 Septemba. Amri hiyo iliwekwa kwa ajili ya afya ya wafanyakazi, na anayeshughulikia gari lake mwenyewe hana sababu ya kuupuuza mwili wake. Rangi nayo hudai kivuli. Bati jeusi lililokaa juani mchana wa Julai laweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na dawa hukauka juu yake kabla haijafanya kazi, ikiacha madoa na mikwaruzo mipya.

Maegesho yenye paa asubuhi na mapema, na bati lililopoa kiasi cha kushikika kwa kiganja bila shida, ndiyo mazingira yanayofaa. Upepo ukianza kuvuma, kazi husimamishwa.

Mashine ipi, na kwa namna gani

Mashine za kung'arishia ni za aina mbili. Ya kwanza huzungusha sponji katika mhimili mmoja kwa nguvu, na hutumiwa na mafundi wenye uzoefu. Hukata haraka, hupasha joto haraka, na yaweza kuchoma rangi kwa muda mfupi ikisimama mahali pamoja. Ya pili huizungusha sponji huku ikiiyumbisha, na ikikandamizwa kupita kiasi mzunguko hupungua au husimama. Kwa anayeanza, hii ya pili ndiyo salama zaidi.

Kanuni kuu ni kuanza na kilicho dhaifu. Huchaguliwa eneo moja dogo kwenye boneti, lisilozidi sentimita 50 kwa 50. Hutiwa matone machache ya polishi laini juu ya sponji laini, yakasambazwa kwa mwendo wa chini, kisha mashine huongezwa kasi kidogo na kupitishwa polepole, safu juu ya safu, mara nne hadi sita. Mabaki hufutwa kwa kitambaa cha maikrofaiba kilicho safi.

Kabla ya kutoa hukumu, eneo hilo hufutwa kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji ili kuondoa mafuta yanayoweza kuficha ukweli, kisha hutazamwa kwa tochi. Ikiwa alama zimepungua vya kutosha, njia imepatikana na gari zima hufanyiwa hivyohivyo. La sivyo, huongezwa ukali hatua moja tu: kwanza sponji ngumu zaidi, halafu dawa kali zaidi. Anayeanza na dawa kali hawezi tena kujua kama iliyo laini ingetosha.

Bampa huhitaji uangalifu wa pekee. Ni za plastiki, haziusambazi moto kama bati, na rangi juu yake huungua mapema. Sponji nayo husafishwa kila baada ya sehemu moja kukamilika, kwa kuwa iliyojaa mabaki hukwaruza badala ya kung'arisha. Rangi ya gari ikianza kuonekana juu ya sponji, kazi isimame mara moja. Katika magari ya zamani yasiyo na tabaka angavu hilo ni jambo la kawaida, lakini katika gari la kisasa ni ishara kwamba tabaka limekwisha.

Mahali pa kusimama

Tabaka angavu likitoboka, jua hulimaliza lililobaki. Rangi hufifia, kisha ngozi ya juu huanza kubanduka kwa mabaka, na hapo hakuna njia isipokuwa kulipiga rangi upya bati hilo zima. Mnunuzi anayeona baka kama hilo hupunguza bei kuliko ambavyo angepunguza kwa mikwaruzo myembamba.

Kwa hiyo anayeijua kazi hii hatafuti rangi isiyo na alama hata moja. Huondoa utando unaoonekana kutoka hatua mbili, huiacha mikwaruzo miwili mitatu iliyoshika ukucha, kisha huifunika rangi kwa nta au kinga nyingine ili vumbi lisishike kwa urahisi. Nta haiongezi unene wa tabaka, ila huahirisha siku ya kulikata tena.

Kinachobaki ni desturi ya kila wiki: ndoo mbili, kitambaa safi, na kutolifuta gari lenye vumbi likiwa kavu. Polishi iliyochukua siku nzima yaweza kuharibiwa kwa dakika tano za kitambaa kikavu. Mwenye gari anayeelewana mapema na mwoshaji wake, na kumpatia ndoo ya pili, atakuwa amelilinda tabaka lake kuliko mashine yoyote iliyoko dukani.