Hariri ya Varanasi na Nyayo za Mahujaji

Varanasi, mji ulio ukingoni mwa mto Ganges katika jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, umejengeka juu ya shughuli mbili zinazotegemeana, yaani hija na ufumaji wa hariri. Kwa Wahindu, mji huu, ambao pia huitwa Kashi au Banaras, ni makao ya mungu Shiva, na huaminika kwamba afiaye hapo huepukana na mzunguko wa kuzaliwa upya. Ndiyo maana mahujaji humiminika mwaka mzima kuoga kwenye ghat, yaani ngazi za mawe ziteremkazo mtoni, na kuzuru hekalu la Kashi Vishwanath, ambalo ujia wake mpana utokao mtoni ulizinduliwa Desemba 2021.

Hujaji huhitaji malazi, chakula, mashua na maua ya sadaka, lakini pia hupenda kurudi kwao na kitu cha mji mtakatifu, na katika familia inayotarajia arusi kitu hicho mara nyingi huwa ni sari, vazi la kitambaa kimoja chenye urefu wa zaidi ya mita tano. Sari ya Banaras hufumwa kwa hariri na kutiwa zari, yaani nyuzi za dhahabu au fedha, ingawa siku hizi nyingi ni za kuiga. Wafumaji wengi ni Waislamu wa jamii ya Ansari, wakaao katika mitaa kama Madanpura na Alaipura, hivyo vazi la bibi arusi wa Kihindu aghalabu hutoka katika mikono ya Mwislamu.

Mfumi huketi mbele ya kitanda cha kufumia, ukingoni mwa shimo, miguu yake ikikanyaga vikanyagio vilivyomo humo, huku akipitisha mshindio, uzi wa kukingama, katikati ya mtande, nyuzi zilizotandwa kwa urefu. Katika mtindo uitwao kadhua, kila ua hufumwa peke yake kwa kijiti chake cha uzi, kazi ambayo kwa sari moja huweza kuchukua wiki au miezi.

Hata hivyo, fedha za hujaji humfikia mfumi zikiwa zimepungua sana, kwa kuwa wafumi wengi hupewa hariri na tajiri, hulipwa kwa kipande, na hawaonani kabisa na mnunuzi. Pigo jingine ni mashine za umeme, za humo mjini na za Surat katika jimbo la Gujarat, ambazo huiga maua yale yale kwa bei ndogo. Mwaka 2009 sari za Banaras zilisajiliwa chini ya sheria ya India inayolinda majina ya bidhaa kwa asili yake ya kijiografia, lakini usajili huo haujaziondoa bidhaa za kuiga madukani.

Wingi wa mahujaji, basi, si kipimo cha neema ya wafumi. Unachohakikisha ni soko tu. Mnunuzi atakaye kazi ya mkono na aipindue sari atazame upande wa nyuma: ua la kadhua halina nyuzi zinazoning'inia wala zilizokatwa, na kandokando ya pindo huonekana vitundu vidogo vya pini zilizokitanua kitambaa kilipokuwa kingali kwenye kitanda cha mfumi.