Masharti ya Mnunuzi wa Nyumba Kigwena

Anayetaka kununua nyumba Kigwena, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika kusini mwa mji wa Rumonge, hana budi kuijua kwanza historia ya ardhi iliyobeba nyumba hiyo. Mwaka 1972, mauaji yalipoikumba Burundi, maelfu ya wakazi wa sehemu hizo walikimbilia Tanzania. Mashamba yao yakachukuliwa na wengine, na baadhi yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Waliporejea, hasa kuanzia mwaka 2002, waliwakuta humo watu waliokwisha kuzaa na kuzika, na wengine wao walikuwa wamenunua kwa fedha halali.

Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo, iliyoundwa mwaka 2006, ilianza kwa kuwahimiza wadai wagawane. Kuanzia mwaka 2011 ikaelekea kumrudishia mwenye asili mali yote. Basi mnunuzi ambaye awali angebaki na nusu akajikuta hatarini kupoteza kila kitu, na hati yake ni ileile. Muda wa tume ulikoma mwaka 2022. Madai, hata hivyo, hayafi kwa sababu ofisi imefungwa.

Ndiyo maana haitoshi mnunuzi kutaja bei na kutoa arabuni. Maandishi yatamke kwamba ununuzi utatimia tu endapo majirani na baraza la kilima watathibitisha mipaka, warithi wote watatia saini, na ofisi ya ardhi ya tarafa haitaonyesha dai lolote. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 iliziwezesha tarafa kutoa vyeti vya ardhi. Cheti hicho chaweza kuwa sharti lenyewe.

Ziwa nalo lina sharti lake. Sheria imetenga meta 150 kutoka ukingoni kuwa mali ya umma, na mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia majumbani Rumonge. Umbali upimwe kwa kamba, usikadiriwe kwa macho. Vivyo hivyo kwa kiwanja kinachopakana na hifadhi ya msitu wa Kigwena.

Muuzaji mwenye haraka atayachukia haya, na pengine atamtafuta mnunuzi mwingine. Mwenye mali safi atataka tu tarehe ya mwisho, na hiyo ni haki yake. Iandikwe, pamoja na neno kwamba sharti lisipotimia kufikia siku hiyo, arabuni inarudi yote kwa aliyeitoa.